Suruali ya mvua inakulowesha? Jua kwanza maji yanapitia wapi, ndo uende sokoni

Minada ya korosho ikishaanza na hela ikaanza kuonekana mifukoni, huku kwetu Mtwara na Lindi huwa linaibuka kundi la watu wanaotaka kwenda Kilimanjaro wawe kileleni tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, na swali ni lilelile kila mwaka: suruali gani ya mvua ni nyepesi, haivuji, na haijazi begi? Ukiwahoji vizuri unakuta wengi wao wanayo tayari, wameipata mtumba au kaletewa na shemeji kutoka Dar, ila wanasema "hii inavuja" kwahiyo wanataka nyingine.

Sasa mimi nasema hivi, usinunue ya pili kabla hujajua ile ya kwanza ina ugonjwa gani, maana suruali nyingi zinazoitwa mbovu hazivuji kabisa, na mtu akibadilisha bila kujua chanzo anatoa hela nyingi zaidi anapata matatizo yaleyale kwenye rangi tofauti.

Anza na gazeti

Hili jaribio halina gharama. Jaza magazeti makavu ndani ya suruali kuanzia kwenye ugoko mpaka kiunoni, yajae kiasi yaguse kitambaa, ning'iniza kwenye kamba ya nguo uani, kunja kiuno mara mbili ubane na vibanio maji yasiingilie juu, alafu mwagia kwa kopo au mpira wa bustani kwa dakika kumi hivi, usiharakishe, hakikisha maji yanapita kwenye msamba, magotini, na kwenye zipu zote. Futa nje kwanza kwa kitambaa ndo utoe gazeti.

Mshono uliobanduka unaacha mstari kwenye gazeti. Kitundu kinaacha doa la duara. Kitambaa kilichochoka kinaacha eneo zima lina unyevu halieleweki limeanzia wapi. Na gazeti likitoka kavu kabisa, basi suruali yako haivuji, maji yaliyokulowesha yametoka kwako mwenyewe au yamepita mlango mwingine. Twende dalili moja moja.

Gazeti kavu, ila mtu unalowa mapaja mpaka ugoko

Hiyo ni jasho, na watu wanakataa kabisa ukiwaambia. "Kaka mimi sikutoka jasho, kulikuwa na baridi." Ulitoka, bana. Mtu anapanda mlima na begi mgongoni anatoa jasho hata kukiwa na ukungu, na suruali ya mvua hata iwe ya bei gani inazuia sehemu ya ule mvuke kutoka, kwahiyo unagonga kitambaa cha baridi unageuka matone. Dalili yake ni kwamba unyevu umesambaa kote, una uvuguvugu ukiwa unatembea, alafu ukisimama dakika tano unakuwa wa baridi.

Hizi suruali zinazoitwa za "kupumua" zinafanya kazi kwa tofauti ya mvuke: ndani kwako kuna joto na unyevu mwingi, nje kuna baridi na unyevu kidogo, mvuke unasukumwa kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uchache. Sasa piga hesabu ya huku kwetu. Mwezi wa kwanza Mtwara ni nyuzi 28 na kuendelea na hewa imeshiba maji, ile nguvu ya kusukuma mvuke inakuwa karibu nusu ya ile unayoipata kwenye msitu wa Machame, njia ya kupandia Kilimanjaro, kwenye nyuzi 12. Ndo maana mtu anaijaribu suruali yake mpya kwenye majabali ya Masasi masika haya ya kwetu yanayoanza mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa nne, analowa chapachapa, anaitukana suruali ambayo kule kaskazini ingemfaa vizuri tu.

Kwahiyo kwa vilima vya huku, Masasi, Rondo, mteremko wa Newala, ushauri wangu ni kwamba mvua ya joto usiivalie suruali ya mvua. Vaa bukta au suruali nyembamba ya poliesta inayokauka haraka, lowana, na weka kavu moja kwenye begi. Suruali ya mvua iwe ya wakati ukisimama au upepo ukianza. Watu watakucheka kwa nini umebeba kitu huvai, waache.

Kama ugonjwa wako ni huu na unataka kununua nyingine, angalia vitu viwili. Kwanza zipu ndefu za ubavuni, maana kufungua zipu kunatoa mvuke kuliko utando wowote uliotengenezwa na binadamu. Pili ile namba ya kupumua, inaandikwa gramu za mvuke zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24: 5,000 ni ya kawaida, 10,000 inaridhisha, 20,000 ni nzuri. Ila hizo namba viwanda vinapima kwa njia tofauti tofauti, kwahiyo usilinganishe kampuni hii na ile kama vile unalinganisha kilo na kilo. Ndani ya kampuni moja zinasaidia.

Na zile nyepesi kupita kiasi za nailoni iliyopakwa silikoni, zenye gramu mia na kitu, hazipumui kabisa. Nazo zina kazi yake, kwa mtu anayetembea taratibu kwenye baridi au anayetaka kitu cha dharura tu cha kukaa chini ya begi, ila kama wewe ni mtu wa jasho jingi achana nazo. Vilevile ile seti ya raba ya bodaboda: maji hayapiti kweli, na kwa bodaboda aliyekaa kwenye pikipiki ni sawa, ila panda nayo mlima saa mbili uone, utaimwaga kama ndoo.

Kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa cheusi na kizito

Hapa gazeti linaweza likatoka kavu au na unyevu kidogo wa eneo zima. Ukiangalia nje, maji hayabingiriki tena kama matone, yanatandaa na kitambaa kinabadilika rangi, mara nyingi mbele ya mapaja na magotini.

Kinachotokea ni kwamba suruali ya mvua ina vitu viwili vinavyozuia maji na watu wanadhani ni kimoja. Ndani kuna utando au tabaka lililopakwa, huo ndo unaozuia hasa. Nje kuna dawa iliyopakwa kwenye nyuzi ili maji yabingirike. Dawa ya nje ikichoka, kitambaa kinashiba maji, utando bado haujapitisha ila sasa mvuke wako hauna pa kutokea kwa sababu nje kuna tabaka la maji, na juu ya hapo unasikia baridi ya kitambaa kilicholowa kimegandana na paja. Mtu anaapa inavuja. Haivuji, imeziba.

Wanaoiua dawa hii ni uchafu, mafuta ya mwilini, vumbi letu hili jekundu, na sabuni ya unga. Sabuni ya unga inabaki kwenye nyuzi na mabaki yake yanayavuta maji, na dawa ya kulainisha nguo ndo mbaya zaidi, jiki usiiguse kabisa. Kwahiyo cha kwanza sio kununua dawa, cha kwanza ni kufua. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali kiasi kidogo au ile sabuni maalumu ya nguo za mvua kama Nikwax Tech Wash ukiipata, sugua kwa mkono sio kwa brashi, funga zipu zote kabla, suuza mpaka maji yatoke hayana povu alafu suuza tena mara mbili. Usiikamue kwa kuisokota, ning'iniza idondoke yenyewe kivulini.

Ikishakauka, moto. Dawa nyingi zinaamka zikipata joto. Angalia lebo ya ndani, kama ina alama ya pasi yenye nukta moja basi pasi ya joto dogo, isizidi nyuzi 110, weka khanga kavu juu ya kitambaa na upitishe bila mvuke. Kama alama ya pasi imekatwa msalaba usipige. Nazungumzia pasi ya umeme hapa, ya mkaa huwezi kuipima joto, utatoboa. Baada ya hapo dondoshea maji kidogo pajani. Yakibingirika umemaliza na hujatumia hata mia. Yakitandaa tena ndo utafute dawa ya kupaka au kupuliza, na hiyo huku kusini ni shida kuipata madukani, agiza kutoka kwa mtu wa Moshi au Arusha wanakouza vifaa vya mlima.

Kuna jambo moja kwa wanaonunua mpya kabisa: zamani dawa hizi zilikuwa na kemikali za florini ambazo zilikuwa zinafukuza maji na mafuta pia, ila hazivunjiki kwenye mazingira, na majimbo ya California na New York kule Marekani yamekataza nguo zenye kemikali hizo kuuzwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Kwahiyo kampuni nyingi zimehamia dawa mpya zinazofukuza maji vizuri ila mafuta zinashindwa. Maana yake kwako ni kwamba suruali mpya ya kisasa inataka kufuliwa mara nyingi zaidi kuliko ile ya kaka yako ya zamani, na ukiona imechoka mapema usidhani umeuziwa feki.

Ndani inabanduka magamba, inanata, inanuka

Huu ndo ugonjwa wa pwani na nitakaa nao kidogo.

Suruali nyingi za bei ya chini na ya kati zimepakwa ndani tabaka la poliyurethani. Hilo tabaka likikaa kwenye joto na unyevu muda mrefu linavunjwa na maji yenyewe polepole, hata kama hujaivaa, hata kama iko kabatini. Kwanza linaanza kunata, ukiikunja ukaifungua inatoa mlio kama plasta inabanduliwa. Alafu linatoa harufu kali, chachu, wengine wanasema kama matapishi, na ukiifua harufu inarudi. Mwisho linabanduka magamba meupe au ya uwazi yanakuganda miguuni. Kwa mtu anayeishi nchi za baridi suruali inaweza kukaa miaka mingi ndo hayo yatokee, kwetu sisi Mikindani, Lindi mjini, Kilwa, kwenye nyumba ya bati na upepo wa bahari, inakwenda mbio.

Dawa yake hakuna. Nasema mapema kwa sababu watu wanajaribu kupaka silikoni ya madirishani, solushen ya baiskeli, sijui mafuta ya nazi. Tabaka likishaanza kubanduka limekwisha, chochote utakachopaka juu kinashikilia kitu ambacho chenyewe hakijashikilia. Hiyo suruali ifanye ya shamba.

Kwahiyo hapa kazi ni kuikinga, na kwenye mtumba ni kuikagua. Kuikinga: usiihifadhi imesokotwa kwenye kile kimfuko chake, na usiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu. Ukirudi safari ifue itoke chumvi na jasho, ikauke kabisa kabisa, ining'inize sehemu yenye hewa inayopita mbali na bati. Vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie mfukoni mwa suruali.

Kuikagua: mtumba wowote geuza ndani nje hapohapo kwa muuzaji. Pitisha kiganja, usikie kama inanata. Kunja kitambaa kwa kitambaa ubane kwa vidole kama sekunde kumi uachie, ikigandana hata kidogo iache. Nusa. Muuzaji atakwambia "dada hiyo harufu ya robota tu, ukifua inatoka", inawezekana kweli ni ya robota, lakini harufu ya robota ni ya dawa na vumbi, hii nyingine ni ya uchachu, ukishainusa mara moja hutazichanganya tena.

Utakuta aina tatu ukigeuza. Ya kwanza ina bitana ya wavu inaning'inia ndani, hiyo ni nzito kidogo na inachelewa kukauka, kwa mlima naipa alama ndogo. Ya pili ndani iko wazi, unaona utando wenyewe umechapwa vinukta au michoro, hiyo ndo nyepesi na ndo inayobanduka haraka na inaganda miguuni ukitoka jasho. Ya tatu ina kitambaa chembamba kilichogandishwa kabisa kwenye utando, inafanana kama kitambaa kimoja, hiyo inadumu zaidi, ghali zaidi ikiwa mpya, na kwenye mtumba mara nyingi muuzaji hajui tofauti kwahiyo bei inakuwa ileile ya traksuti.

Zile zenye lebo ya Gore-Tex, utando ambao Bob Gore aliugundua mwaka 1969 na nguo zake zikaingia sokoni miaka ya 1970, huo utando wenyewe kwenye zile za miaka yote ya nyuma ni jamii ya teflon (baadhi ya mpya za karibuni zina plastiki nyingine), hauozi na unyevu kama poliyurethani. Ila gundi ya tepu za mishono inaweza kuoza, kwahiyo lebo isikufumbe macho, angalia mishono.

Mstari wa maji kwenye gazeti: msamba na nyuma

Kila mshono ni safu ya vitundu vya sindano, ndo maana ndani unaona tepu nyembamba imegandishwa juu yake. Msambani vipande vinne vinakutana, tepu inapanda juu ya tepu, na hapo ndo unapoinua mguu panavutwa kila hatua, kwahiyo panaanza kuachia kabla ya kwingine. Chukua tochi ya simu uimulike kwa ndani: tepu nzima inalala bapa, iliyochoka ina mapovu au pembe zake zimesimama.

Pembe imesimama sentimita mbili tatu tu? Inatengenezeka. Safisha kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, paka gundi ya mishono ya jamii ya urethani tabaka jembamba, usiku mzima bila kuigusa. Angalizo, kwenye nailoni ya silikoni gundi ya urethani haishiki, itabanduka kama ganda, huko inatakiwa ya silikoni. Tepu ikiwa imeachia mguu mzima, usihangaike.

Tafadhali usipeleke kwa fundi cherehani "akaushonee vizuri". Fundi wetu ni mzuri na nia yake njema, atakupigia mishono miwili imara kabisa na kila sindano ni kitundu kipya.

Magoti na makalio yanalowa ukikaa au ukipiga goti

Gazeti la kwenye kamba halitakuonyesha hili, maana linatokea kwa kugandamizwa tu. Ile namba ya kuzuia maji kwenye lebo (sio ile ya kupumua), wanachukua kitambaa wanasimamisha juu yake maji na kuongeza kimo mpaka yaanze kupenya, kwahiyo 10,000 ni milimita, yaani mita 10 za maji. Hiyo ni sawa na kilo moja kwenye kila sentimita moja ya mraba. Mvua peke yake haifiki hata karibu na hapo. Lakini mtu mwenye kilo 70 akipiga goti moja kwenye jiwe lenye maji, uzito wote unalalia sehemu ndogo kuliko kiganja, tena kwenye ncha ya jiwe ndo balaa, anaweza kuifikia hiyo namba na kuipita.

Kwahiyo mwenye suruali ya 3,000 au 5,000 anayelalamika makalio kulowa kila akipumzika kwenye gogo, suruali haijaharibika, imefika mwisho wake. Kalia begi au kipande cha godoro la sponji lililofungwa na nailoni. Ukinunua nyingine kwa ajili ya mlima mrefu anzia 10,000, na kama unajijua wewe ni mtu wa kutambaa kwenye miamba tafuta 20,000. Kwa kutembea njia za kawaida 20,000 ni kujifurahisha.

Kiuno kimelowa, au buti zimejaa maji

Juu: mtu amechomekea koti ndani ya suruali. Maji yote ya kifuani yanashuka ndani kama yameelekezwa. Koti lining'inie nje, na liwe refu kupita zipu ya mbele, maana zipu ya mbele kwenye suruali nyingi nyepesi haijazibwa, imefunikwa na ulimi tu. Mifuko pia, nyingi sio mifuko, ni matundu ya kupitisha mkono kwenye suruali ya ndani, zisome vizuri kabla hujaweka simu.

Chini: suruali imechomekwa ndani ya buti, au ni fupi ukiinua goti. Mvua ikinyesha suruali iwe nje ya buti na nje ya vile vifuniko vya ugokoni, ibanwe kwa velkro au kamba. Na hapa kuna mlango ambao wengi hawauoni, jinzi au taiti ya pamba ndani inayochungulia chini ya suruali ya mvua. Pamba ikigusa maji chini inayapandisha yenyewe mpaka magotini, suruali ya mvua iko juu yake imekaa tu inaangalia. Ndani vaa poliesta au sufu, na ipandishe isichungulie. Jinzi mlimani, hapana.

Umande wa asubuhi Newala au kwenye majani marefu ya Rondo nao unaingilia huku chini huku juu kukiwa kukavu kabisa. Kwa hilo vifuniko vya ugokoni peke yake vinatosha, na ukivaa suruali nyepesi ya mvua faida ya ziada kwenye vichaka vyetu ni upupu, yale manyoya yanateleza kwenye nailoni. Ukiivua, upande wa nje uushike kwa uangalifu usije ukajipaka.

Imechanika

Wepesi una bei yake. Uzi unapimwa kwa denia, 10 hadi 20 ni karatasi, 30 hadi 40 ni ya kati, 70 ni ya kazi. Majabali ya Masasi yana ngozi ya msasa, ukishuka kwa kukalia na suruali ya denia 15 unaiacha hapo. Kilimanjaro hatari yake ni kwenye kushuka kutoka Stella Point, kule juu karibu na kilele, kwenda kambi ya Barafu, watu wanateleza kwenye kokoto wanakalia, na baadaye njia ya Mweka kwenye matope ya msitu wanakalia tena. Kwa mtu wa Kilimanjaro ya njia za kawaida ningesema denia 30 hadi 40, uzito gramu 250 hadi 350 na zipu zake, hapo umebalansi. Za gramu 150 ziwe za mtu anayejua anachofanya. Milima ya barafu ya kuvaa meno ya chuma kwenye buti ni habari nyingine, huko ndani ya vifundo vya miguu lazima kuwe na kiraka kigumu cha kiwandani, usiende na nyepesi.

Mpasuko mdogo: safisha, kausha, kata kiraka cha kugandisha chenye kona za duara, bandika nje na ndani. Ukiwa njiani selotepu pana ya kijivu inakufikisha nyumbani, ikiwa tu kitambaa ni kikavu wakati wa kubandika.

Inagoma kuvalika, inabana, inashuka

Hii mara nyingi ni saizi. Suruali ya mvua inavaliwa juu ya nyingine, kwahiyo jaribu ukiwa na ile utakayovaa ndani, panda mguu juu ya kiti, chuchumaa mpaka chini. Ikivutika msambani au ikipanda ikaacha ugoko wazi, chukua kubwa zaidi. Kiuno cha lastiki peke yake kitashuka ikilowa, kiwe na kamba pia.

Na buti. Mvua inaanza ghafla, uko kwenye matope, unavuaje buti? Zipu ya sentimita 20 chini haipitishi buti kubwa, jaribu na buti zako dukani, ya mpaka gotini inapita, ya mpaka kiunoni inavaliwa bila hata kuinua mguu ila inaongeza uzito na zipu ndefu ni mlango wa maji isipofunikwa. Kwangu mimi ya mpaka juu ya goti ndo nzuri. Kina dada wengi wanapenda ya mpaka kiunoni kwa sababu ya kwenda haja bila kuvua kila kitu kwenye baridi, na wana hoja.

Inapiga kelele shwa shwa? Zote zinapiga, zoea.

Usiku wa kileleni naganda ndani yake

Suruali ya mvua haina joto lake. Usiku ule wa kutoka Barafu, kama mita 4,600, kwenda kilele cha Uhuru mita 5,895, kazi yake inabadilika, mvua hamna sana kule, inakuwa kizuia upepo, na joto linatoka kwenye tabaka za ndani: taiti ya kubana ya poliesta au sufu, juu yake suruali ya kitambaa cha manyoya manyoya (fleece), juu kabisa ndo hii. Kama umechagua saizi ya kubana hapo ndo utajua, tabaka zikigandamizwa hazishiki hewa na joto linapotea. Kwahiyo saizi ipime na tabaka zote, hata kama Mtwara mchana huo unaipima huku jasho linakutiririka.

Kwa anayeenda mara moja tu na suruali yake imefeli jaribio la gazeti, Moshi na Arusha kuna maduka mengi yanakodisha. Kodi, ila fika siku moja kabla, omba kuigeuza ndani nje, tochi ya simu kwenye msamba, bana kitambaa usikie kama kinanata, mwagia maji kidogo pajani uone kama yanabingirika. Wakikukatalia kuigeuza, duka la jirani lipo.